Andika Tano, Lakini Nijibu

Juzi, kliniki ya moyo, mzee mmoja wa Chanika alikuwa benchini akisubiri kuzibuliwa mshipa wa moyo. Akaja binti wa utafiti na dodoso, akampa shikamoo nzuri tu.

“Babu, kwa alama moja hadi tano, una uhitaji kiasi gani wa kujua kama utakuwa macho wakati wa kuzibuliwa?”

“Tano, mjukuu wangu. Kwani nitakuwa macho?”

“Sie tunapima uhitaji tu, babu. Kujibu siyo kazi yetu.”

Akaandika tano, akaenda zake. Mzee akabaki kashika kifua.

Dada wa usafi akaegemea dekio. “Utakuwa macho, babu. Wanapitishia kamrija mkononi. Mie nawaonaga wakitoka wanapiga stori.”

Mzee akaachia kifua.

Jengo zima wasomi, jibu analo mpiga deki! Hilo nalo wakalipime.