Koili ya Fundi Feni

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Feni alisuka koili za feni na pampu, na hakuwahi kukutana na waya usiotoza ushuru. Umeme ukipita, lazima sehemu yake iishie kwenye joto. Kwa hiyo alipoitwa maabara kusuka koili ambayo umeme ukishaingia unazunguka tu bila kupungua, kifungua mimba wake alicheka hadi akashika mbavu. Fundi mwenyewe, mama mtu, naye hakuamini, lakini alikwenda mbio.

Mhandisi, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimpa shikamoo kisha akamweleza. Koili ingezamishwa kwenye heliamu, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, baridi kuliko friji yoyote, na humo waya ungeacha kabisa kuuzuia umeme. Koili ingeuhifadhi, kisha ingeurudisha mara moja taa za mji zikiyumba. Ila waya wenyewe ulikuwa mwepesi kupasuka. Ukipata ufa, hapo pangepata moto na kazi yote ingeharibika.

Siku ya tatu, mhandisi akiwa nje, mkono wa fundi ulifanya ulichozoea: ulichukua nyundo ya mbao ukaugonga waya ukae sawa. Papo hapo akakumbuka habari ya ufa. Hakuna aliyemwona, na angeweza kunyamaza. Lakini jaribio lilikuwa moja tu, na likishindikana mradi ungefungwa. Akatoka kumtafuta binti.

“Mwanangu, nimeugonga.”

Mhandisi alishika kichwa. Kwenye lenzi ufa ulionekana, mwembamba kama unywele. Wakafumua yote wakaanza upya na waya wa akiba, ambao ndio uliokuwa wa mwisho. Safari hii fundi alisuka na nyundo ikiwa imefungiwa kabatini, ufunguo mfukoni mwa binti. Fundi mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo.

Siku ya jaribio alikuwa na kiherehere cha bibi harusi. Koili ilizamishwa kwenye heliamu, umeme ukaingizwa, ncha mbili za koili zikaunganishwa ili umeme uzunguke humo humo, swichi ya nje ikazimwa. Fundi alikodolea macho mshale wa mita, akingoja ushuke kama ilivyoshuka mishale yote aliyoijua. Dakika kumi. Nusu saa. Mshale ulikuwa palepale. Furaha ilimjaa, akavuta kiti akaketi kuutazama.

Mhandisi alinyoosha mkono kuuachia umeme uende kwenye taa za majaribio. Fundi akamshika kiwiko.

“Usiutoe kwanza, mwanangu. Maisha yangu yote naona unapotea. Uache uzunguke kidogo.”