Gofu Yake, Kikapu Changu

Nyumbani kwetu Makambako tuna televisheni moja na michezo miwili, na katika miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kukubaliana. Mimi ni mtu wa mpira wa kikapu. Mume wangu ni mtu wa gofu. Watu wakisikia hivyo hucheka, maana mji wetu ni wa malori, mbao na viazi, na ukimuuliza mtu yeyote pale stendi habari za michezo atakutajia timu mbili kubwa za Dar es Salaam na hatafika mbali zaidi.

Kikapu nilikutana nacho kwenye shule ya wasichana ya misheni, nilipotoka kwetu Matamba, wilayani Makete, nikiwa mrefu kuliko wenzangu na nikiuonea aibu urefu wangu. Masista walikuwa na uwanja wa saruji wenye nyufa na pete mbili zisizo na nyavu. Asubuhi za mwezi wa sita mpira ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ukikugonga vidole, maumivu unayasikia mpaka kwenye meno. Pale ndipo urefu wangu ulipopata kazi. Nilipomaliza kidato cha nne, hakuna aliyewahi kuniuliza tena kama najua kudunda mpira. Nikaolewa, nikafungua duka la vitenge, na kikapu kikabaki kitu cha kutazama.

Ligi ya Marekani naitazama kwa mapenzi na hasira. Mechi zao hutufikia alfajiri, wakati nachochea mkaa wa chai. Zamani mchezaji mrefu alipokea mpira akiwa ameipa pete mgongo, anamsukuma mwenzake taratibu, anageuka, anafunga. Siku hizi kila mtu, mrefu kwa mfupi, anasimama mbali na kurusha akitafuta pointi tatu, kama watoto wanaorushia mawe mapera. Halafu mchezaji mzima wa afya anakaa benchi na koti lake zuri, eti anapumzishwa, na watu wamelipa viingilio kumwona yeye. Nilikuwa namwambia mume wangu, "Ningekuwa mwalimu wao ningewakimbiza uwanjani mpaka watapike."

"Na wewe ungefukuzwa siku hiyohiyo," alikuwa akinijibu. "Wale ni wafalme, mama. Nani anamkimbiza mfalme?"

Yeye ni fundi wa injini za malori. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la chai nje ya mji wa Njombe, ambako Wazungu wa zamani walikuwa na klabu yao na uwanja wa gofu. Baba yake alikuwa mkata majani wa uwanja huo. Baadaye familia ilirudi kijijini kwao Kifanya kulima na kupanda miti. Hayo ndiyo niliyoyajua, na sikuona sababu ya kuuliza zaidi.

Gofu mimi nilikuwa naisema vibaya waziwazi. Majani mengi kiasi kile na hakuna ng'ombe hata mmoja! Kwetu Makete, uwanda wa Kitulo unachanua maua wenyewe mvua zikianza, hakuna anayeukata wala kuupiga pasi. Uwanja wa gofu, nilimwambia, ni shamba la mtu tajiri la kupanda utupu.

Hakukasirika. Alikuwa na hoja zake na alizitoa polepole, huku anafuta mafuta kwenye kucha. Viwanja vilivyojengwa jangwani, alisema, ni uongo, majani yamelazimishwa. Uwanja mzuri ni ule unaofuata kilima kilivyo, kama wa kwao Njombe, ambako mpira unaweza kupotelea kwenye ukungu na mchezaji akausubiri ukungu uondoke. Kubwa zaidi, alisema, gofu ndio mchezo pekee ambao mtu akikosea hujishtaki mwenyewe. Hakuna filimbi. "Kwenye kikapu chako," alisema, "mtu anampiga mwenzake kiwiko, kisha anainua mikono juu kama malaika."

Hapo nilibadilisha stesheni.

Kiharusi kilimpata asubuhi, akiwa uani ananawa uso. Nilisikia beseni likianguka. Nilipotoka, alikuwa amekaa chini kwenye maji, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake, mdomo umevutwa upande. Jirani mwenye gari alitupeleka Njombe hospitali. Njia nzima nilikuwa nimemshika kichwa, na misitu ya misonobari inapita dirishani, mistari kwa mistari, na mimi namwita naye ananitazama tu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinieleza kwamba uhai upo, lakini upande ule wa kichwa unaoshika maneno umeumia. "Anaweza kukuelewa kuliko unavyodhani, mama," alisema. "Kutoa neno ndiyo kazi. Yatarudi, au yatarudi kidogo."

Lilirudi neno moja. Akitaka maji, alisema, "Basi." Mto ukimuumiza shingo, "Basi." Watoto wetu walipokuja kutoka Mbeya na Iringa, wakapiga magoti kumshika mikono, aliwatazama mmoja mmoja na kuwaambia, "Basi, basi," mpaka binti yetu akatoka nje kulia.

Nilimrudisha Makambako, nikamwekea kochi mbele ya televisheni, nikampa gofu yake. Asubuhi gofu, mchana gofu. Nilifikiri anachokipenda mtu kinaweza kumwita arudi. Nikawa nabishana peke yangu. "Tazama huyo, amepiga mpira majini!" Kisha najijibu kwa hoja zake, kwa sauti yangu, na naziona zimepungua uzito. Siku moja niliweka kikapu kwa makusudi, ili anikasirikie. Alikitazama vilevile, kwa uso uleule. Nilimaliza robo mbili za mechi ile na sikujua nani alikuwa anaongoza.

Mwezi wa tisa mwaka jana, baridi ilipolegea, nikapata wazo la kumpeleka kwenye uwanja wao wa zamani. Yule jirani alikubali kutuendesha. Tulipita mjini Njombe, tukaingia barabara ya vumbi katikati ya chai, na mlinzi aliyevaa koti kubwa akatusimamisha getini.

"Kamwene," alitusalimu. "Mnamtafuta nani?"

Nilimweleza kwamba mzee alikulia hapo, anaumwa, tunataka auone uwanja wa gofu.

Mlinzi akamtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi kwa huruma. "Gofu imebaki gofu, mama. Lakini piteni."

Kweli lilikuwa gofu. Nyumba ya klabu haikuwa na paa. Upande mmoja wa kilima ulipandwa miche ya parachichi, na upande mwingine majani yalifika kiunoni, yamekatwa hapa na pale na watu wa kulisha mifugo. Ila umbo la uwanja lilikuwepo bado; hata mimi niliyeusema vibaya niliona jinsi ulivyoshuka taratibu na kilima mpaka bondeni. Ulikuwa mzuri. Nilitaka kumwambia hivyo, kumpa ushindi huo mmoja.

Tulimshika huku na huku tukamsimamisha nje ya gari. Alitazama bonde. Nilimngoja. Kisha akaugeuza uso wake kwenye mlango wa gari, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukatafuta kitasa.

"Tazama kwanza, baba," nilimwambia. "Ni kwenu hapa."

"Basi!" alisema. "Basi! Basi!"

Tukaondoka. Nilikuwa na hasira naye, kama vile alikuwa amekataa zawadi.

Wiki iliyofuata wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kutoka Kifanya na mahindi mabichi kumjulia hali. Tukiwa jikoni nilimsimulia safari yetu. Aliacha kumenya mahindi.

"Ulimpeleka pale, wifi?"

"Kwa nini nisimpeleke? Anapenda gofu kuliko chakula."

"Baba yetu alifia pale," alisema. "Alianguka kwenye majani, anasukuma mashine ya kukatia. Mumeo ndiye aliyekuwa amempelekea chakula, ndiye aliyemwona. Waliokuwa wanacheza wakangoja mpaka alipobebwa, halafu wakaendelea na mchezo wao. Mumeo alikuja nyumbani akatuambia hivyo, na hakuyasema tena. Ndiyo maana mama alituhamisha."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Miaka yote ile tulibishana juu ya majani, mashimo, majangwa na wafalme, na mtu huyu hakuniambia. Alikuwa anatafuta nini kwenye ule mchezo, Jumapili baada ya Jumapili? Labda alikuwa anawatazama wale watu wanaojishtaki wenyewe. Labda alipenda tu kilima. Wifi naye hakujua.

Jioni ile niliketi karibu yake. "Dada yako ameniambia habari za baba," nilisema. Alinitazama muda mrefu, macho yakamjaa machozi. Lakini daktari alishanionya kwamba ugonjwa huu hutoa machozi bila sababu, kwa hiyo hata hapo sikuwa na hakika. Alifumba macho. Sikumuuliza kingine.

Sasa televisheni huwa naiwasha kwa ajili ya taarifa ya habari. Fainali za kikapu za mwaka huu niliziona nusunusu, nikiwa namlisha uji wa ulezi kwa kijiko. Timu niliyoichukia msimu mzima ikashinda, na kwa mara ya kwanza sikuona uchungu. Mvua za Makambako zimeanza, zenye upepo unaoingia chini ya milango. Mchana anasinzia. Nimemnunulia soksi nene za sufu pale sokoni, na kila nikimvalisha mguu wa kulia naupapasa kwanza, nione kama umepata joto.