Bomba la Gesi la Mama Salma

Siku yangu ya kwanza ya ufundi umeme, kule Geita kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, nilidhani nimemaliza. Mtungi wa gesi uko nje, bomba la shaba limepenya ukutani hadi jikoni. Msimamizi akauliza, "Bomba umelifunga ethi?"

"Mkuu, gesi haina umeme."

"Gesi haina. Shaba je?"

Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo naeleza kama alivyonieleza. Waya ukichubuka ukagusa bomba, bomba zima linabeba umeme. Mpishi akishika jiko anapigwa shoti, au cheche inakutana na gesi inayovuja. Ndiyo maana bomba, pale linapoingia nyumbani, hukwanguliwa likang'aa, likabanwa klampu, na waya wa kijani na njano ukaliunganisha na ethi ya nyumba. Nayo ethi hushuka kwenye chuma kirefu kilichogongomewa ardhini, umeme uliopotea uishie huko.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Shinyanga, chini ya mkandarasi mmoja. Sitamsema zaidi ya alivyotenda. Nilipovunjika mguu ndiye aliyenikimbiza hospitali. Tulikuwa tunafunga umeme na bomba la gesi kwenye nyumba moja Ibadakuli, ya Mama Salma, muuza vitambaa, aliyekuwa anamwoza binti yake wiki ileile. Kiangazi kilikuwa kikali, ardhi ngumu kama tofali. Wenzangu waligonga chuma cha ethi hadi wakachoka. Mimi nilikuta msumeno una unga wa chuma. Walikuwa wamekikata, wakachomeka kipande ili kichwa kionekane.

Mkandarasi akanipa fomu ya makabidhiano nisaini. "Mzee Masanja, klampu ipo, waya upo. Unatafuta nini tena?"

"Bomba limeshika ethi, ethi imeshika bomba. Wameshikana mikono wote, hakuna aliyekanyaga chini."

"Umeanza mashairi."

Mama Salma akatoka ndani. "Shikamoo fundi. Wageni wako njiani, niwashie jiko."

"Marahaba, mwanangu. Siwashi."

Nikakivuta kile chuma kwa mkono mmoja. Kikatoka, kifupi kuliko mwiko wake wa pilau. Akakitazama, kisha akamtazama mkandarasi.

"Leteni kuni," akawaambia shangazi zake.

Mkandarasi akaniambia nisirudi kazini kwake. Sikurudi kwake, nilirudi kwa Mama Salma. Nilichimba shimo, nikamwaga maji siku tatu mfululizo udongo ulegee, nikagongomea chuma kizima. Harusi ilipikwa kwa kuni, na mashangazi walinisema kwa moshi ule.

Sasa nimestaafu, niko Samuye. Huwa najiuliza kama nilipaswa kumwita yule bwana pembeni badala ya kumwaibisha mbele ya mteja. Hapo nakubali nilikosea. Pengine pia wangepika miaka yote bila kitu kutokea, sina ushahidi. Lakini nikirudishwa pale leo, nitakivuta tena.

Fomu ilisainiwa na fundi mwingine. Jina langu halimo. Chuma kimo ardhini, chote, hadi kichwani.