Milamula ya Tata

Mdogo wangu hajui kupiga saluti wala kuandika dokezo, na kwa hilo namwonea wivu.

Nilipoondoka kijijini kwetu Kashozi kwenda jeshini, mimi ndiye niliyeonewa wivu. Yeye alibaki kwenye kibanja na baba, akitandaza majani makavu chini ya migomba huku amenuna. Niliamini nimempiga bao. Leo mimi ni sajenti, na bunduki naiona siku ya uhakiki wa silaha, ninapojaza fomu kwamba nimeiona. Zamani ofisini kwetu tulikuwa na karani mmoja na kabati moja la majalada. Kisha ukaja mfumo wa kompyuta, tukaambiwa karatasi zitakwisha. Zitakwisha wapi! Kila kinachopandishwa kwenye mfumo kinachapishwa, kinasainiwa, kinapigwa muhuri, kinapelekwa masijala, halafu kinapigwa picha na kupandishwa tena. Dereva akitaka tairi anaandika dokezo, na gari likisimama kwa kukosa tairi anaandika maelezo kwa nini limesimama.

Mwaka jana, msimu wa kahawa ulipoanza, mdogo wangu alinipigia simu.

"Kaka, Tata anakuita. Anataka kukuonyesha mipaka akiwa bado anatembea."

Tata ndiye baba, na sikuhitaji ufafanuzi. Kwetu mpaka wa kibanja ni milamula, vile vimti vyembamba vya majani marefu ambavyo hata ukivikata vinachipua. Baba humtembeza mwanawe wa kwanza kutoka mulamula mmoja hadi mwingine, majirani wakishuhudia, na anayetembezwa ndiye atakayesimama mahali pa baba. Wa kwanza ni mimi. Na miguu ya baba ilikuwa imeanza kumkataa.

Nikaingia kwenye mfumo kuomba ruhusa. Mfumo unataka sababu, na sababu zimeshaandikwa, kazi yako ni kuchagua: msiba, ugonjwa, ndoa, masomo, nyinginezo. Koplo ninayekaa naye meza moja alicheka.

"Weka msiba, Afande. Kesho uko kwenye basi."

Yeye bibi yake ameshamzika mara mbili, na bibi anaendelea kufuga kuku. Niliwaonea wivu wote wawili, yeye na huyo bibi. Lakini nitamwandikaje baba kuwa marehemu naye amekaa kwenye kiti chake ananingoja? Huko ni kumchulia. Kidole kiligoma. Nikachagua nyinginezo.

Ombi likarudi: fafanua. Nikafafanua. Likarudi: ambatanisha barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri. Mdogo wangu akaihangaikia, akaipiga picha kwa simu, akanitumia. Likarudi: muhuri hausomeki. Tulipopata picha nzuri, adjutanti, ofisa wa kusaini, alikuwa safarini, ameenda kusomea mfumo huohuo. Wakati huo koplo alikuwa ameshakwenda msibani na kurudi, tena amenenepa. Nilishindwa kumsalimia vizuri asubuhi ile.

Ruhusa ilipotoka ilikuwa imepunguzwa siku. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; yangu isingefika kwenye jembe. Basi lilipopita Muleba nilitazama kahawa iliyoanikwa uani, watu wakiigeuza kwa miguu bila haraka, nikawachukia wote kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeomba saini ya mtu ili asimame pale.

Baba nilimkuta kitandani. Miguu ilikuwa imegoma kabisa.

"Mwana wange, nilikusubiri," alisema. "Majirani walikuja, nikawaambia warudi siku nyingine. Walipokuja tena niliona aibu kuwarudisha. Nikatembea na mdogo wako."

Hakuwa na kinyongo, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea. Nilianza kumweleza habari za mfumo na muhuri. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza mabwana shamba.

Basi mdogo wangu ndiye aliyenitembeza. Aligusa kila mulamula. Huu Tata aliupanda mwenyewe, huu uliwahi kusogezwa, huu tuliugombania na jirani mpaka kwa mwenyekiti. Alisema kwa maneno ya baba, hata kile kikohozi cha baba kabla ya kumtaja jirani mkorofi alikuwa nacho. Nilimfuata na buti zangu zilizong'arishwa, nikiitikia. Nilitamani kumkaba. Nilimwonea wivu hata udongo uliokuwa chini ya kucha zake.

"Umeshika, kaka?" aliniuliza tulipomaliza.

"Nimeshika," nikasema, na nilikuwa nimeshachanganya upande wa mashariki na wa kusini.

Tuliporudi ndani tukaketi kando ya kitanda cha baba. Shemeji alileta akamwani, zile buni zetu za kutafuna, kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayegawa, na anaanza na mgeni. Enzi zile baba akiwa hayupo, aliyegawa nilikuwa mimi, na mdogo wangu alisubiri zamu yake mkekani. Nikanyoosha mkono kukipokea kikapu. Kilipita mbele yangu kikatua mikononi mwake. Baba aliona. Mdogo wangu akafungua kifuniko, akachagua zilizo nzuri, akanigeukia, akaanza na mimi.