Katibu wa Kamati ya Kisimani

Jedida Mueni alihamia Malindi mwaka 1979 akimfuata mumewe Simeon, na cherehani yake ikafika wiki moja baadaye juu ya basi la Mombasa. Kwao ni Machakos. Walipanga vyumba viwili katika mtaa wa Kisimani, naye akawa anashona sare za shule barazani. Watu walimsifu kwa mambo mawili: hakumcheleweshea mtu nguo yake, na mwandiko wake ulisomeka. Ndiyo sababu mwaka 1986, baraza la mji lilipotaka kila mtaa uchague kamati ya wakazi ya kulishauri kuhusu magari yanayoegeshwa mbele ya nyumba, watu wa Kisimani walimfanya yeye katibu.

Magari yalikuwa yamewachosha. Hoteli zilizidi kujengwa ufuoni, na madereva wao waliishi mitaani, kwa hiyo magari nayo yalikaa mitaani. Njia ya Kisimani, ambayo zamani ilipitisha punda na mikokoteni tu, sasa ilijaa kombi za kutembeza watalii. Moja ya kombi hizo aliiendesha Simeon.

Kamati ilikuwa imekutana mara mbili tu wakati lilipotokea jambo la Mbeyu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mbeyu, mkaza mwana wa jirani yao Kache, alishikwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga akaona damu inazidi. Ikaitwa teksi. Teksi ilifika mdomoni mwa njia ikakwama hapo, kwa kuwa kombi ya Simeon ilikuwa imesimama mbele ya nyumba yao, imeziba njia yote, na Simeon mwenyewe alikuwa sokoni kwa kinyozi, ufunguo mfukoni.

"Ufunguo, mwanangu!" Kache alimpigia Jedida kelele kutoka upande wa pili wa gari. "Ufunguo uko wapi?"

Jedida aliacha nguo chini ya sindano akakimbia. Alimpitia kinyozi wa kwanza, hakumwona mumewe. Alipompata kwa kinyozi wa pili na kurudi naye, majirani walikuwa wamekwisha kumtoa Mbeyu nje akiwa amelazwa juu ya kitanda, wakimpitisha ubavuni mwa kombi kwa shida, kitanda kimeinamishwa, huku mkunga akimshika asianguke. Hospitali walimwokoa Mbeyu. Mtoto hakulia.

Simeon hakula siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Mkunga mwenyewe amesema huenda mtoto angekufa vivyo hivyo."

"Amesema huenda," Jedida alimjibu.

Hawakulizungumza tena. Lakini ripoti ya kamati ilikuwa ya kuandikwa, na mwandishi ni yeye. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Jefwa, fundi seremala aliyestaafu, alikuja barazani mwake, akakataa chai, akaketi.

"Jambo la Mbeyu litaje," alisema, "maana bila hilo hawatatusikiliza. Ila andika 'gari moja'. Inatosha."

"Mzee, mtaa mzima unajua ni gari la nani."

"Mtaa unajua. Baraza halijui. Na mwajiri wa mumeo hajui. Mimi sitaki kamati ivunje nyumba ya mtu."

Jedida aliandika 'gari moja'. Aliisoma sentensi ile mara nyingi, na kila mara iliondoka kama haijagusa kitu.

Kikao cha baraza la mji kiliitishwa Ijumaa, saa nane mchana. Ukumbi ulijaa. Madereva walikuja kwa wingi kupinga, wakasimama ukutani nyuma, Simeon miongoni mwao. Kache aliketi safu ya pili, leso kichwani, mikono mapajani. Diwani mmoja aliyeitwa Kiponda, mwenye sauti nzito, alidakia kabla Jedida hajafika katikati ya kuisoma ripoti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hizi kamati ni za ushauri. Baraza halilazimiki kuzifuata. Leo watatuambia magari yaondoke, kesho watatuambia hoteli zifungwe. Na hiki kisa cha mzazi, nani anajua kama ni kweli? Gari moja! Gari gani? La nani?"

Madereva wakapiga makofi. Mzee Jefwa alisimama. "Mheshimiwa diwani, kamati imeona si vyema kutaja..."

"Basi kisa hakipo," alisema Kiponda. "Kifutwe."

Jedida alisikia kiti kikilia nyuma yake. Alijua bila kugeuka kwamba ni Kache anayejiinua. Akaiweka karatasi mezani.

"Kisa kipo," alisema. "Nilikuwepo. Gari lilikuwa limesimama mbele ya mlango wangu. Dereva wake ni Simeon, na Simeon ni mume wangu."

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea. Dereva mmoja akamsogelea Simeon, kisha akasita. Simeon alimtazama mkewe, akatoka nje.

"Endelea kusoma, mama," alisema mwenyekiti wa baraza taratibu.

Alisoma hadi mwisho. Baada ya mabishano ya saa nzima madiwani walipiga kura: katika njia ambazo magari mawili hayawezi kupishana, gari lisimame kwa kupakia na kushusha tu, na dereva asiliache; katika njia pana, magari yaegeshwe upande mmoja. Kamati za wakazi zikapewa mwaka mmoja wa kujaribiwa, bila haki ya kupiga kura barazani. Kura zilikuwa saba kwa sita.

Nyumbani alimkuta Simeon ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni.

"Ungeweza kusema hujui," alisema.

"Kache alikuwa nyuma yangu, Baba Mumbua."

"Na mimi nilikuwa nyuma yako."

Walikaa wiki kadhaa wakisemezana mambo ya maji na chakula tu, na binti yao Mumbua akabeba maneno kati yao kama tarishi. Hoteli haikumfukuza Simeon, lakini kombi ilirudishwa kulala kwenye ua wa hoteli, naye akawa anaamka saa kumi alfajiri kwenda kwa miguu. Baadhi ya madereva walimsema Jedida kila alipopita. Wateja wawili walichukua vitambaa vyao wakavipeleka kwa fundi mwingine.

Jumapili ya pili, baada ya kanisa, Simeon alivaa shati safi akaenda nyumbani kwa Kache peke yake. Kache hakumfungulia. Alikwenda tena Jumapili iliyofuata, akasimama uani hadi jua likamchoma. Mara ya tatu Mbeyu ndiye aliyetoka, amekonda, akamwekea kigoda. Simeon aliketi, akasema alichokuja kusema, na sauti ilimkatika katikati. Kache alisikiliza kutoka ndani.

"Mwambie nimemsikia," alimwambia Mbeyu, kwa sauti ya kumfikia mgeni. "Msamaha bado. Lakini nimemsikia."

Simeon alirudi akamweleza mkewe maneno hayo yote, kama yalivyosemwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza jambo tangu siku ya kikao. Jedida akasogeza cherehani, akampa nafasi ya kuketi.