Mashavu ya Mama Buala

Muuza dawa wa soko la Mukdahan hukata ukanda wa vidonge taratibu, akihakikisha jina la dawa limebaki upande wa mgonjwa. Vipakiti vya vidonge mchanganyiko visivyo na jina, vile vinavyouzwa kwenye maduka ya mchele, hataki hata kuvisikia.

Leo Khampan, mwana wa Mama Buala, alikuja kumringia. “Vipakiti vimemfaa mama, dada. Magoti kimya, na tazama picha, mashavu yamejaa!”

Mkasi ukatua mezani.

“Huko si kunenepa, kaka. Kavimba kwa steroidi, dawa kali zinazofichwa humo. Yuko wapi?”

“Kalala tu. Vidonge vimeisha tangu juzi, ndiyo maana nimefuata vingine duka la mchele.”

Muuza dawa alikwisha kuvaa kofia ya pikipiki. “Washa. Dawa hizo zikikatwa ghafla, mtu anaweza kufa. Tunampeleka hospitali.”

“Na duka, dada?”

“Duka halifi.”