Mchango wa Fundi Soli

Kwa miaka mingi Fundi Soli alisoma watu kwa viatu vyao. Kisigino kimelika upande mmoja, huyo mbeba mizigo. Ndiyo maana yeye ndiye aliyeshtuka wa kwanza, viatu vya shule vya bintiye vilipoanza kulika puani tu. Mkewe alisema ni uvivu wa kunyanyua miguu. Haukuwa uvivu. Misuli ya mtoto ilikuwa inakufa, na sasa, ana miaka kumi na mmoja, alishinda nyuma ya meza ya baba yake akichambua kamba za viatu, maana kusimama hawezi.

Tiba hakuna. Yupo daktari mmoja tu wa maabara anayeutafiti ugonjwa huo, naye fedha zimemwishia. Akafungua mchango mtandaoni: lengo lisipotimia leo saa kumi na mbili jioni, kila mtu anarudishiwa chake, maabara inafungwa. Ilipofika saa tisa, robo nzima ilikuwa bado.

Fundi hakushona kitu siku hiyo. Kila mteja alianza kuonyeshwa simu.

"Sasa mwanao atapona lini?" aliuliza mama muuza mitumba, kidole kikiwa tayari juu ya simu yake.

"Huu ni utafiti, dada. Dawa labda baada ya miaka kumi..."

"Miaka kumi! Soli, mimi mkopo wa miezi sita tu unanitoa jasho." Akacheka, akarudisha simu mkobani. "Ingekuwa matibabu ningetoa bila kuuliza."

Alikuwa wa nne kusema hivyo. Fundi akaona zipu ya mkoba inafungwa.

"Ni matibabu," alisema harakaharaka. "Nimeeleza vibaya. Mkichanga leo, atapona."

"Si ungesema, baba wewe!"

Mama akatoa palepale, tena akawapigia wenzake wa sokoni, mmoja mmoja. Simu ya fundi ikaanza kulia, mchango juu ya mchango.

"Baba." Kamba zilikuwa zimemwagika chini. "Kumbe nitapona?"

"Mwanangu, subiri kwanza..."

"Nilijua tu mnanificha!"

Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anajivuta asimame, anacheka meno yote nje. Fundi alimdaka kabla hajafika sakafuni. Akabaki amempakata, simu inalia mezani, asithubutu kumtazama mtoto wala kuizima.